Diski Isiyolala

Usiku mmoja wa mvua za vuli, hapa Ngamiani, Tanga, umeme ulikatika nami nikaendelea na kazi ya mteja kwenye kompyuta mpakato yangu kuukuu kwa nguvu ya betri. Betri hiyo, ambayo zamani ilinichukua saa tatu, sasa haifikishi mbili, na fundi niliyemwonyesha alikuwa amekwisha kuniambia, "Kaka, hiyo imechoka, tafuta nyingine." Ningemkubalia, ila katika ukimya wa nyumba nilisikia diski ikikwaruza na kunyamaza, ikikwaruza na kunyamaza, ilhali sikuwa nimegusa kibonye chochote. Nikaikazia macho taa yake ndogo, nikahesabu kwa saa ya mkononi. Ilimulika kila baada ya sekunde 5.

Muda huo una maana yake. Kompyuta yangu inatumia mfumo endeshi wa Linux, na humo mfumo wa faili wa ext4, yaani utaratibu wa kupanga faili diskini, huweka mabadiliko kwenye memori kwanza, kisha huyashusha diskini kila sekunde 5 usipoagizwa vingine, na pasipo na cha kushusha haushushi kitu. Mdundo ule ulinionyesha kwamba kulikuwa na programu inayoandika bila kupumzika, na diski inayoandikiwa namna hiyo haipati nafasi ya kuacha kuzunguka na kula betri hata ukiiagiza ilale baada ya dakika 5.

Nilianza na iotop, programu inayoonyesha nani anasoma na kuandika diskini, nikaiamuru ionyeshe michakato inayofanya kazi tu na kujumlisha kiasi kilichoandikwa. Juu kabisa likatokea jina jbd2, na hapo ndipo wengi hupotea. Jbd2 ni sehemu ya kiini cha Linux inayotunza jarida la mfumo wa faili, yaani daftari la mabadiliko yanayoandikwa diskini. Ni hamali anayebeba mizigo ya wengine. Anayeishia kwake amemkamata hamali akamwacha mwenye shehena aende zake.

Mwenye shehena nilimpata kwa fatrace, ambayo hutaja kila programu inayogusa faili pamoja na njia ya faili lenyewe, na ukitaka hukuonyesha matendo ya kuandika pekee. Matokeo yake niliyaelekeza kwenye /dev/shm, yaani kwenye memori, kwa sababu kuyahifadhi kwenye diski ileile inayochunguzwa ni kuongeza kelele juu ya kelele. Baada ya dakika 10 nikayafungua. Mstari mmoja ulijirudia ukurasa baada ya ukurasa: programu ya kusimamia printa, niliyoisakinisha dukani, ilikuwa ikiandika kwenye faili lake chini ya /var/log, mahali programu zinapoweka kumbukumbu za matukio yake. Nilipolifungua faili hilo nikakuta maelfu ya mistari yenye taarifa moja, kwamba printa haipatikani. Printa iko dukani, mimi niko nyumbani, nayo programu ilikuwa ikiitafuta na kuandika kila baada ya sekunde chache.

Powertop, programu inayopima matumizi ya umeme, ikathibitisha upande huo, kwani programu hiyohiyo ilikuwa miongoni mwa zile zinazokiamsha kichakataji mara nyingi zaidi kwa sekunde. Hasara ilikuwa pande mbili, diski na kichakataji, na betri mpya ingeziba pengo kwa muda tu.

Nimeiondoa programu hiyo. Kisha nikashughulikia kivinjari, kwani Firefox huhifadhi hali ya kurasa zilizofunguliwa kila sekunde 15 unapoitumia, nami nimeusogeza muda huo hadi dakika 5. Wapo wanaoshauri kurefusha zile sekunde 5 za ext4 hadi dakika nzima au zaidi. Mimi sikubaliani nao kwa kompyuta yenye betri dhaifu katika mji ambao umeme hukatika, maana ikizimika ghafla, kazi ya dakika nzima inaweza kupotea, na kazi hiyo ni ya mteja.

Usiku uliofuata nilisikia diski ikipunguza mwendo taratibu mpaka ikasimama. Nayo printa ya dukani inachapa kama kawaida bila programu ile.