Jani Lililoukataa Mstari Wangu

Mstari ule niliuchora kwa penseli nyekundu, tena kwa rula. Katika mchoro wa mashimo mawili tuliyochoronga kuchunguza miamba, uliunganisha tabaka la tope jeusi lililogeuka jiwe, kina cha mita 86 katika shimo la kwanza, na jingine la mita 112 katika shimo la pili, kwa maana kwamba ni tabaka moja. Rangi moja, unene uleule wa karibu mita nne, na yote mawili yamelaliwa na mchanga mweupe kwa juu. Nilikuwa na miezi mitatu kazini na nilishajiona mjuzi.

Msimamizi wetu, mtu wa maneno machache, aliutazama mchoro akauliza, "Majani yanasemaje?"

"Majani gani, Mzee?"

Hakujibu. Alikwenda kwenye masanduku ya sampuli, akatoa kipande cha shimo la kwanza, kinene kama kifundo cha mkono, akakipasua kwa patasi. Hamna kitu. Cha pili, hamna. Cha tano kikafunguka kama kitabu, na ndani yake jani: umbo la ulimi, jeusi la kung'aa, mshipa mkuu katikati na midogo imesukana kama wavu. Akanikataza kuligusa, kaboni ile hubanduka kama karatasi iliyoungua.

"Glossopteris," alisema. Mmea huo ulienea Gondwana yote, bara kuu la kale la kusini, katika kipindi cha Pemiani, ukatoweka kipindi hicho kilipoisha, miaka milioni 252 hivi iliyopita. (Ndiyo majani yaliyokuwa kwenye kilo 16 hivi za mawe ambazo kundi la mpelelezi Mwingereza Robert Scott lilizikokota Antaktika mwaka 1912, wenyewe wakiwa wanakufa.)

Shimo la pili alinipa patasi mimi. Nilivunja mawe kuliko nilivyoyapasua, mpaka likatokea jani lenye panda kama ya manati, limepangwa vijani pande zote. Dicroidium, jani la Triasiki, kipindi kilichofuata Pemiani. Kumbe tope la ziwa ni tope la ziwa. Enzi zikipishana, weusi wake ni uleule.

Mzee hakuridhika na majani mawili. Tulipeleka vipande maabara, mwamba ukayeyushwa kwa asidi, ikabaki chavua ya mimea ya kale, ya kuhesabiwa kwa hadubini. Sitaficha: niliomba chavua initetee. Majibu yalipokuja, yalikuwa upande wa majani.

Nilifuta. Penseli ya rangi haifutiki vizuri, na mchoro ulikwenda kwa wakubwa ukiwa na wekundu hafifu, kuanzia mita 86 hadi mita 112.