Mawaziri wa samaki hao wanarudi

Wiki ya mawaziri wa kilimo na uvuvi wa nchi 27 za Umoja wa Ulaya inakuja tena hapa Brussels, na sisi tunaopita Schuman, mtaa wa ofisi za Umoja huo, kwenda kazini tunajipanga. Februari 26, 2024 nilikutana na trekta zimeziba njia, matairi yanawaka, samadi imemwagwa barabarani. Harufu ilikataa kabisa kutoka kwenye koti! Wakulima walilia na bei, na bidhaa za nje zinazowaharibia soko. Mkataba wa biashara na Mercosur, umoja wa nchi za Amerika Kusini, bado unawachoma wafugaji wa ng'ombe. Desemba ni zamu ya samaki: wanagawana tani za kuvua mwaka ujao, wanasayansi wanasema punguzeni, mawaziri wanavutana, mara nyingi hadi alfajiri. Mwenye kujua njia ya kuzunguka aseme mapema jamani.