Mwaka wa Harvey tulihamia juu kwa mama wa Lubumbashi

Agosti 2017 nilikuwa naishi Houston, kusini magharibi, apatimenti ya chini kabisa, sio mbali na Brays Bayou, kijito kinachopita mjini. Kimbunga Harvey kilitua karibu na Rockport usiku wa Ijumaa tarehe 25 kikiwa kategori 4 kati ya 5 za ukali, na Rockport kwetu ni masaa kadhaa kwa gari, kwa hiyo upepo wenyewe haukutufikia. Kilichotufikia ni mvua, maana kimbunga kilikosa upepo wa kukisukuma kikaganda hapo hapo Texas, kinafyonza maji ya moto ya Ghuba ya Mexico na kutumwagia sisi. Kuna sehemu za Houston zilipata zaidi ya mita moja ya mvua kwa siku chache tu!

Usiku wa kuamkia Jumapili simu hazikunyamaza na tahadhari, mara tornado (upepo mkali wa kuzunguka), mara mafuriko, mara tornado tena, yani huyu anakwambia jifiche chini huyu anakwambia panda juu, sasa ufanye lipi? Alfajiri maji yakaanza kupenya chini ya mlango, kapeti ukikanyaga inatema maji. Jirani wa juu, mama mmoja wa Lubumbashi, akaita toka kwenye ngazi, "Kuyeni huku juu na batoto!" Tukapanda na godoro moja na ndoo ya unga. Familia tatu mle ndani, tunakula bukari, ugali wa kwao, kwa zamu, na mama kila akisikia helikopta anatoka barazani na mwiko mkononi.

Kule chini parkingi kulikuwa na kitu chekundu kinaelea kama mkeka, kumbe ni sisimizi wale wa moto, maelfu wameshikana miguu wanasafiri hivyo hivyo wazima.

Wengi walimlaumu meya kwa kutoamuru watu wahame. Mi sikuwepo kwenye hilo, 2005 watu walikimbia kimbunga Rita kwa mkupuo wakakwama barabarani na jua lile, makumi wakafa hata chenyewe hakijafika.

Maji yaliposhuka, mwenzangu wa kazini, Mpuerto Rico, alikuja kutusaidia kutoa vitu vilivyooza. Hatujakaa sawa kimbunga kingine, Irma, kikapiga Florida, halafu Septemba 20 kimbunga Maria kikaingia kwao Puerto Rico, umeme wa kisiwa kizima ukaenda. Jamaa akawa kila lanchi anapiga simu, haiiti. Siku aliyompata mama yake alipiga ukelele mpaka supavaiza akatoka ofisini mbio akidhani mtu kakatwa na mashine.