Ukerewe na Ukara kwa Miguu

Mtu aliyekulia Mwanza huijua Ukerewe kabla ya kufika huko: huijua kwa machungwa yanayoshushwa bandarini, kwa udaga wa muhogo unaouzwa sokoni, na kwa meli inayopiga honi ikiondoka kuelekea Nansio. Kwa miaka mingi nami niliridhika na ujuzi huo wa mbali. Kiangazi hiki, shule zilipofungwa mwezi wa Juni, mimi na mdogo wangu, ambaye anafundisha jiografia sekondari, tuliamua kuitumia likizo yetu visiwani, na kabla ya kuondoka tukakubaliana kwamba popote panapofikika kwa miguu tusipande bodaboda. Nilikwenda nikitarajia kuona majengo ya kale na makaburi ya watawala. Niliyaona, lakini nilirudi nikiamini kwamba historia ya visiwa hivi inasomeka vizuri zaidi mashambani na katika vyungu vya akina mama kuliko katika kuta za majengo.

Safari ya meli kutoka Mwanza hadi Nansio huchukua kama saa tatu na ushee. Sitahani palijaa magodoro, mabati, kreti za soda na maboksi ya vifaranga waliolia njia nzima, na abiria wazoefu walikwisha kutandika khanga zao upande wenye kivuli kabla sisi hatujajua kivuli kingeangukia wapi. Mdogo wangu, ambaye hawezi kukaa kimya mbele ya ramani, alinikumbusha kwamba ziwa hili, Ziwa Victoria, lina eneo la takriban kilomita za mraba 68,800 na kwamba uso wake uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mwingereza John Hanning Speke aliliona kwa mara ya kwanza tarehe 3 Agosti 1858 akiwa upande wa Mwanza, akalipa jina la malkia wake. Lakini ramani kadhaa za Wazungu wa karne ile ziliendelea kuliita ziwa lote kwa jina la kisiwa tulichokuwa tukikiendea. Waliozichora walikuwa wamesikia habari zake kwa wafanyabiashara wa misafara, na katika habari hizo Ukerewe ilikuwa mahali pa maana.

Nansio ni mji mdogo, makao makuu ya wilaya, wenye soko, msikiti, makanisa na pikipiki nyingi kuliko nilivyotegemea. Tulikula chakula chetu cha kwanza kwa mama mmoja mwenye banda karibu na gati. Alitupikia sato wa kuchukuchu, yaani samaki aliyechemshwa bila mafuta, kwa nyanya, kitunguu, ndimu, pilipili nzima na chumvi, na ugali wa udaga uliokuwa mweusi kidogo na mzito kiasi cha kuhitaji ukandwe vizuri kabla ya kuchovya. Nilipomuuliza kwa nini hamkaangi kwanza, alinitazama kwa huruma. “Mwanangu, samaki wa asubuhi hii nimkaange ili nimfiche nini?” Mchuzi wake ulikuwa mwepesi, mchachu, wenye utamu wa samaki mwenyewe, na kwa kweli sato wengi wa kukaanga ninaowala mjini sasa naanza kuwashuku.

Kesho yake tulitembea kuelekea Bukindo. Ukerewe ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote katika Ziwa Victoria, chenye kilomita za mraba zipatazo 530, na barabara zake za udongo hupita kati ya miembe, michungwa, mashamba ya muhogo na majabali ya matale yaliyopangana juu kwa juu, yaleyale yaliyoipamba Mwanza, ila hapa hayajabanwa na nyumba. Bukindo lipo jumba la watemi wa Wakerewe, lililokuwa makazi ya Mtemi Michael Lukumbuzya, wa mwisho katika mfululizo mrefu wa watawala wa ukoo wa Wasilanga. Masimulizi ya ukoo huo yanasema walitoka Ihangiro, upande wa magharibi wa ziwa, na mtu anayewasikia wazee wa Kikerewe wakizungumza halafu akafika Bukoba haoni sababu ya kubisha, maana Kikerewe na Kihaya cha Bukoba ni lugha ndugu. Serikali huru iliufuta utemi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Tulikaa barazani pale kwa muda mrefu, mzee mmoja wa jirani akitusimulia, nasi tukiitikia “naam” kila alipotua, kwa sababu hiyo ndiyo namna ya kumfanya mzee aendelee.

Alituhadithia habari za Mtemi Lukonge kama mtu anayemzungumzia babu yake mdogo. Ni huyo Lukonge aliyempa msafiri wa Kizungu Henry Morton Stanley mitumbwi mwaka 1875, na ni katika enzi yake ndipo Desemba 1877 wamisionari wawili wa Kianglikana, Shergold Smith na O'Neill, walipouawa kisiwani baada ya kuingia kati ya mtemi na mfanyabiashara aliyeitwa Songoro, ambaye naye aliuawa. Vitabu vya wamisionari viliyaandika mauaji hayo kama ukatili mtupu. Mzee wetu alikuwa na swali tofauti: mgeni anayechukua bunduki na kwenda kumtetea mgeni mwenzake dhidi ya mwenye nchi, ndani ya nchi yake, alitegemea nini? Sikuwa na jibu, na sidhani alilihitaji.

Kutoka hapo mazungumzo yakaingia kwenye mpunga, na hapo ndipo macho yangu yalipofunguka. Mabonde ya Ukerewe hulimwa mpunga tangu zamani, na wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia mchele wa kisiwa hiki uliwalisha askari wa Kijerumani waliokuwa Mwanza. Waingereza waliliona jambo hilo. Wakakiteka kisiwa mwezi Juni 1916, na Mwanza yenyewe ikaangukia mikononi mwao mwezi uliofuata. Kwa maneno mengine, mji wetu ulikatiwa kwanza chakula. Nimesoma shule za Mwanza tangu darasa la kwanza na sikumbuki kuambiwa hivyo. Baada ya mpunga likaja zao la pamba, ambalo lilileta kinu cha kuchambulia pale Murutunguru. Na pamba ilipodhoofika, sangara, samaki aliyepandikizwa ziwani katikati ya karne iliyopita na kuwatafuna furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa, kwa wingi, akawa ndiye mwajiri wa vijana.

Kilima cha Handebezyo tulikipanda asubuhi na mapema, kabla jua halijawa kali. Si mlima wa kumtisha mtu. Njia hupita kwenye vichaka kisha juu ya miamba mipana, na anayevaa viatu vyenye soli isiyoteleza hufika kileleni bila kushika chochote. Mwenyeji aliyetuongoza alituonyesha pango na mahali ambapo, kwa simulizi za wenyeji, Mwalimu Nyerere aliwahi kujitenga ili atafakari. Juu yake mtu huona ziwa karibu pande zote, visiwa vidogo vidogo, na matanga meupe ya mitumbwi. Mdogo wangu hakutazama matanga. Alitazama mashamba yaliyokatwakatwa vipandevipande hadi kwenye miguu ya majabali, akasema kwamba mtu akitaka kuelewa kwa nini vijana wa hapa wamejaa Mwanza na Geita, apande hapa tu.

Lakini sehemu iliyonishika zaidi ni Ukara. Kivuko huondokea Bugolora, kaskazini mwa Ukerewe, na kufika Bwisya kwa muda usiofika saa mbili. Hakuna anayevuka maji hayo bila kukumbuka tarehe 20 Septemba 2018, siku kivuko MV Nyerere kilipopinduka kikiwa karibu kabisa na gati la Bwisya, watu zaidi ya 220 wakafa. Baadhi yao wamezikwa papo hapo Bwisya. Tulisimama penye makaburi, tukasoma majina, na mama mmoja aliyekuwa akipita na ndoo kichwani alituuliza kama tulikuwa na mtu wetu. Tulipojibu hapana, alisema, “Basi mmefanya vyema kusimama,” akaendelea na njia yake.

Ukara ina takriban kilomita za mraba 80 tu na watu tele, na watu wake walilijibu tatizo la ardhi zamani sana, kabla ya mtaalamu yeyote kuja na kitabu. Wakara walizoea kuwafuga ng'ombe ndani ya zizi au ndani ya nyumba yenyewe, wakiwakatia majani na kuwaletea, ili samadi isipotee hata kiganja kimoja. Samadi hiyo hubebwa shambani. Walipanda uwele, na katikati ya uwele wakapanda marejea, mmea wa jamii ya kunde ambao hufukiwa udongoni uurutubishe. Msimu mwingine wakageukia mtama na njugu mawe. Kandokando ya ziwa walichimba mashimo ya kuoteshea majani ya mifugo kwa maji yanayojipenyeza yenyewe, kwenye miteremko wakajenga kuta za mawe kuzuia udongo, na mti ulikuwa na mwenyewe hata kama umeota kwenye shamba la mtu mwingine. Maofisa kilimo wa kikoloni walipofika kujifunza hapa miaka ya 1930 walikuta shamba linalolimwa kila mwaka bila kupumzishwa. Siku hizi muhogo umechukua nafasi kubwa, na si kila nyumba bado ina ng'ombe, lakini tulipita uani kwa mzee mmoja tukakuta fahali amesimama ndani ya shimo la zizi, anatafuna majani ya viazi aliyoletewa kama bwana harusi. Mdogo wangu aliuliza maswali hadi jua likapinda. Nadhani wanafunzi wake watateseka muhula ujao.

Watu wengi wanaokwenda Ukara huenda kwa ajili ya jiwe linalocheza la Nyaburebeka, nasi pia tulikwenda. Ni jabali kubwa lililokaa juu ya jabali jingine, na huwezi kulifikia hivihivi: yupo mwangalizi, na yapo maneno anayoyasema kwanza. Alipokwisha kuyasema, kijana akapanda, na lile jiwe likaanza kuyumba, taratibu, kisha kwa nguvu, likitoa mngurumo kila lilipogusa mwamba wa chini. Mwalimu wa jiografia alinong'ona habari za mmomonyoko na kitovu cha uzito. Mwangalizi alimsikia, akatabasamu kwa adabu, akasema kwamba mawe mengine ya Ukara nayo yamemomonyoka na hayachezi.

Jioni tulialikwa chakula na familia ya wavuvi wa dagaa. Ilikuwa siku za giza, ambazo wavuvi huzisubiri, kwa kuwa mbalamwezi inapowaka dagaa hawaufuati mwanga wa taa za mitumbwini na nyavu hurudi tupu. Dagaa waliokuwa wameanikwa tangu asubuhi walikaangwa kidogo, wakatiwa nyanya, kitunguu na karanga zilizosagwa, tukala kwa ugali wa muhogo uliochanganywa na mtama, na kando yake matobolwa ya viazi vitamu, vile vinavyochemshwa ndipo vikaushwe juani. Mwenye nyumba alitueleza kwamba dagaa wa kuanika mchangani huuzwa kwa bei ndogo kwa sababu ya mchanga, na wa kwenye chanja huuzwa vizuri, lakini chanja zinataka miti, na miti Ukara, kama nilivyokwisha kusema, ina wenyewe.

Tulirudi kwa njia ya nchi kavu ili tuione, kwa kivuko cha Rugezi hadi Kisorya kisha kwa basi kupitia Kibara, Bunda na Lamadi. Njia hiyo ni ndefu kuliko ya meli na haina starehe ya sitaha, ila humfaa mwenye haraka aliyeikosa meli. Anayekusudia kufika Ukara alale angalau usiku mmoja huko, aulize ratiba ya kivuko akiwa bado Nansio, na afike Bugolora mapema, kwa sababu abiria wa siku ya gulio hawamsubiri mtalii.