Jinsi nilivyomuuguza baba mkwe mwenye korona bila watoto kuambukizwa

Baba mkwe wangu alipougua korona katikati ya mwaka 2021, wiki chache baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka tarehe 22 Mei, tuliishi watu wengi katika nyumba ndogo ya mbao huko Katoyi, Goma, na kila jirani alikuja na ushauri wake. Ulionikera zaidi ulitoka kwa mama mmoja ninayemheshimu sana: "Mama Neema, funga madirisha yote, ingiza mbabula chumbani na umfukize mzee kwa majani ya mikalatusi, la sivyo baridi ya usiku itammaliza." Mbabula ni jiko la makaa, na makaa yanayowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, inayoweza kuua watu wakiwa usingizini. Mvuke nao hauui kirusi kilichokwisha kuingia mapafuni. Anayemshikia mgonjwa blanketi la kufukizia ndiye anayekoholewa usoni.

Ebola, iliyofika mjini Goma Julai 2019, ilitufundisha kunawa mikono kwa maji ya klorini kila mlangoni, na ilikuwa sawa, kwa sababu Ebola hupita katika majimaji ya mwili wa mgonjwa au maiti. Korona husafiri hasa katika hewa tunayoitoa tukipumua, tukizungumza na tukikohoa, na chembe zake ndogo huweza kuelea kwa muda mrefu penye hewa iliyotuama. Sabuni hatukuiacha, lakini hangaiko langu kubwa lilikuwa hewa.

Chumba cha mzee kilikuwa na dirisha na mlango wa nje. Shemeji yangu alitundika turubai kati yake na sebule, akasema yatosha. Mimi nilitaka kuona kwa macho hewa ya chumbani inakokwenda. Nilichukua kijiti kilichokuwa kikiwaka kwenye mbabula ya uani, nikakizima ili kitoe moshi mwembamba, nikasimama nacho kando ya turubai. Moshi ulipanda taratibu, ukavuka juu yake, ukashukia upande wa pili penye godoro la watoto. Tuliliondoa turubai, tukarudishia mlango wa mbao, nikawasha kijiti kingine: safari hii moshi ulipenya chini ya mlango na katika nyufa za ukuta. Basi nikapika uji mzito wa unga wa muhogo, tukabandika kwa uji huo karatasi za mifuko ya saruji juu ya kila ufa, na kitenge kikuukuu nikakisokota chini ya mlango. Gharama yake ilikuwa unga wa siku moja na faranga kidogo za mifuko.

Mchana upepo wa ziwani uliutoa moshi kupitia dirisha la mzee, lakini jua lilipozama upepo uligeuka, ukaanza kuingia kwa dirisha hilohilo na kuelekea sebuleni. Asiyepima jioni hawezi kulijua hilo, na ninajivunia kwamba nilipima. Tulipouacha wazi kidogo mlango wa nje, moshi ulikatiza chumbani ukatoka, na sebuleni haukufika.

Baridi tuliishinda kwa blanketi, kofia ya sufu na chupa ya maji ya moto miguuni. Aliyeingia kwa mzee alipitia mlango wa nje, akakaa upande upepo unakotokea, na wote wawili walivaa barakoa iliyobana pua, kwa maana barakoa iliyoshushwa kidevuni haimlindi yeyote. Pumzi za mzee nilizihesabu kwa dakika nzima akiwa ametulia, bila kumwambia, kwa sababu mtu akijua anahesabiwa hubadilisha upumuaji. Zikizidi 30 kwa dakika, au midomo ikianza kuwa ya buluu, ni kwenda hospitali papo hapo. Zake hazikufika huko.

Mzee alipona, na watoto hawakukohoa kamwe. Kirusi hiki huweza kuambukiza siku mbili hivi kabla ya dalili, ndiyo maana siku hizi yeyote akianza mafua kwetu tunaziba mlango wa ndani na kufungua dirisha siku ileile, bila kusubiri majibu ya kipimo.