Nilivyoacha kuchoma mabua shambani

Kwa miaka mingi, kila baada ya mavuno nilikusanya mabua ya mahindi nikayachoma. Shamba lilibaki jeupe, nami nikaona nimelitunza. Kilichonifungua macho ni mvua. Shamba lina mteremko, na mvua kubwa ya kwanza ilipopiga ule udongo mtupu, maji yaliteremka mazito, yenye rangi ya udongo. Nilisimama nikitazama rutuba yangu ikiondoka.

Msimu uliofuata sikuwasha moto. Niliyakatakata mabua, nikayafukia, na baada ya wiki mbili nikapanda. Mahindi yaliota vizuri, kisha yakaanza kugeuka manjano kuanzia majani ya chini. Nilidhani ni ugonjwa, kumbe ni njaa ya naitrojeni. Mabua makavu yana kaboni nyingi na naitrojeni kidogo mno. Bakteria wanaoyaozesha huichota naitrojeni ya udongoni na kuugombania mmea chakula chake. Baadaye huirudisha, lakini mche hausubiri. Mavuno yalipungua na iliniuma, maana nilikuwa nimekusudia mema.

Tangu hapo mabua nayalaza juu ya udongo kama matandazo. Huoza polepole, huvunja kishindo cha matone na kuzuia jua lisikaushe ardhi. Palizi nayo imepungua.

Yanayobaki huenda kwenye mboji. Natandika tabaka la vitu vikavu, juu yake majani mabichi na samadi, na maji ya kulowanisha tu. Lundo hunichosha kuligeuza, ila silikwepi, kwa sababu joto likifika nyuzi 55 hadi 65 za Selsiasi mbegu nyingi za magugu hufa, na zile za pembeni lazima ziingie katikati. Nachomeka fimbo ndani. Ikitoka imepata moto sawasawa, naridhika.

Katikati ya mistari ya mahindi napanda kunde. Mara mojamoja nang'oa shina nipasue vinundu vya mizizi: vikiwa na rangi ya waridi ndani, bakteria wake wananasa naitrojeni ya hewani. Wakati wa kuvuna nakata shina, mizizi naiacha ardhini.

Mvua kubwa ya msimu huu nilikwenda kusimama palepale chini ya mteremko. Maji yalikuja kidogo, tena mepesi. Kazi iliyobaki ni panya, wanaopenda kujificha kwenye matandazo, kwa hiyo nayasogeza kiganja kimoja kutoka kwenye kila shina.