Taa Iliyozama Ikiwaka

Juzi umeme ulikatika hapa Bwiru, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, nikatoka na binti yangu tukakaa juu ya lile jiwe letu la nyuma ya nyumba. Mwezi haukuwapo. Ziwa lote mbele yetu lilikuwa limejaa taa za wavuvi wa dagaa, zinazowavuta samaki usiku, zimetanda kana kwamba kuna mji mwingine umejengwa majini. Akaziangalia kimya kwa muda mrefu, halafu akauliza, "Baba, zile taa zimesimama juu ya nini?"

"Juu ya boya."

"Boya linatengenezwa kwa nini?"

Hapo sikuweza kumjibu kwa neno moja. Boya ninalolijua mimi kuliko maboya yote lilitengenezwa kwa ndala za watu nisiowajua, na taa yake iko chini ya ziwa mpaka leo.

Ilikuwa likizo ya Desemba, mwaka 2010, Igombe kwa Mjomba. Nilikuwa nimemaliza mtihani wa kidato cha pili. Mjomba alikuwa bado anavua dagaa kwa karabai nne, zile taa za mafuta za kupampu, na kila usiku wa giza alizipanga mchangani, akipiga pampu moja baada ya nyingine mpaka zinaanza kuvuma. Aliyekulia kwenye mwalo, pale mitumbwi inapoegesha na samaki wanaposhushwa, anaijua harufu ile ya mafuta ya taa inayoganda kwenye nguo, kwenye nywele, mpaka kwenye ugali. Pampu inasukuma hewa, hewa inasukuma mafuta yapande kwenye kibomba chembamba, moto unayageuza mvuke, na mvuke ndio unaowaka ndani ya kile kifuko cha nyuzi. Kifuko chenyewe kikishaungua mara ya kwanza kinabaki majivu matupu yaliyoshikana. Ukikigusa kinaporomoka. Tone la mvua likigonga kioo chenye moto, kioo kinapasuka. Na gharama ya mafuta hukatwa kwanza kabla ya wavuvi kugawana mapato, kwa hiyo usiku ukiwa mbaya, watu wanne wanakesha majini na kurudi na kitoweo tu.

Niliona jambo hilo likitokea mara tatu mfululizo, na mara ya tatu Mjomba alikaa kwenye ukingo wa mtumbwi bila kuvua koti lake lililolowa. Siku hiyohiyo nikaanza kutengeneza taa.

Nilikuwa na gunia la tochi mbovu za kichina nilizozikusanya miaka miwili. Tochi nyingi za aina ile hazifi taa, hufa betri au swichi. Nikazifungua zote na kutoa vitaa vya LED, vile vidogo vyeupe kama punje ya mchele, nikapata 36 vilivyo hai. Betri nilipewa na jirani wa bodaboda. Ilikuwa haiwashi tena pikipiki, lakini yeye aliitumia nyumbani kuchajia simu za watu. Aliniazima kwa wiki moja, na aliitamka ile "wiki moja" kwa namna ya kunionya.

Hesabu niliifanyia mchangani kwa kijiti. Kitaa kimoja cheupe kinataka kama volti 3.2. Betri iliyojaa ina 12.6. Ukivifunga vitatu kwa mstari vinakula 9.6, zinabaki volti 3, na hizo lazima zimezwe na rezista, kile kijidude cha kuzuia umeme, la sivyo vitaa vinaungua. Kwa umeme wa miliampea 20, rezista inayotakiwa ni ya omu 150. Nikapanda daladala mpaka Kirumba kwa fundi redio, nikamwambia nataka omu 150 kumi na mbili. Alimwaga kopo zima la makorokoro mezani akaniambia nitafute mwenyewe zenye mistari ya rangi hizi: kahawia, kijani, kahawia. Tulizitafuta wote wawili mpaka mchana ukaisha. Hakunitoza hata senti.

Kulehemu nililehemu kwa msumari wa nchi sita uliopashwa kwenye jiko la mkaa. Mistari kumi na miwili, kila mstari vitaa vitatu na rezista yake, yote nikaizungushia kipande cha bati ili nuru itoke pande zote. Nyumba ya taa ilikuwa kopo la pipi la dukani, lile kubwa linaloonyesha ndani, lenye mfuniko mwekundu wa kuzungusha. Betri chini, taa juu.

Kilichoninyima usingizi kilikuwa maji. Nilikuwa na hakika maji yataingia. Niliyeyusha mishumaa nikamimina kwenye mfuniko, nikazungushia vipande vya mpira wa tyubu nikivivuta mpaka vidole vikaniuma, nikamimina nta tena, nikafunga tena. Nikalizamisha kopo kwenye pipa la maji na kulikalia, nikihesabu mpaka elfu moja. Nikalifungua, kavu. Nikalifunga upya kwa njia ileile, mkanda kwa mkanda.

Boya ndilo lilikuwa rahisi. Asubuhi baada ya upepo, mchanga wa Igombe umejaa ndala zilizoletwa na ziwa, mguu mmoja mmoja, za bluu, za kijani, nyingine zimetafunwa na mbwa. Wavuvi huzikata zikawa vielea vya nyavu. Mimi nilizitoboa katikati, nikazitunga kwenye waya kama shanga, nikaukunja waya ukawa duara. Juu yake nikafunga fito mbili za kupishana, na kopo likasimama pale kwenye njiapanda ya fito, limefungwa kwa mpira wa tyubu.

Tulipolijaribu ufukweni lililala ubavu, kwa sababu betri ilikuwa nzito na imekaa juu ya usawa wa maji. Mjomba akasema lining'inizwe jiwe chini. Nikachagua jiwe, nikalifunga kamba, kamba nikaipitisha katikati ya duara na kuipiga fundo shingoni mwa kopo. Boya likasimama wima. Mjomba aliinama akaliangalia lile fundo. Aliliangalia kwa muda. Halafu akasema, "Haya, mpwa wangu. Leo twende nalo."

Tuliiweka majini yapata saa nne usiku, mbali kidogo na karabai, na nanga yake, jiwe jingine lililofungwa kwenye duara la boya, ikashuka pima 8 kabla ya kugusa chini. Kisha tukarudi nyuma tukasubiri.

Sijui niielezeeje nuru ile. Karabai ina wekundu kidogo, na inavuma. Hii ilikuwa nyeupe na kimya. Kwa kama nusu saa hakuna kilichotokea. Kisha maji chini yake yakaanza kumetameta, kwanza pembeni, kama mtu anarusha vumbi la fedha, halafu yakajaa. Dagaa wanazunguka. Wanakwenda upande mmoja wote, wanageuka wote, na kila wakigeuka maji yanawaka. Mmoja wa wavuvi, mtu ambaye alikuwa hajaniambia neno tangu nifike, alisema taratibu, "Wamekuja." Mjomba akanigusa goti. Hakusema kitu, aliuacha mkono pale.

Upepo ulikuwa mdogo. Lilikuja wimbi moja lisilo la ajabu, likatuinua sisi, likapita, likaiinua taa. Nikasikia fito ikivunjika, mlio mdogo tu, kama mtu amevunja kijiti cha kuwashia moto. Kopo likainama. Mipira ikavutika. Halafu lile jiwe, ambalo nilikuwa nimelifunga kwenye kopo na si kwenye boya, likalivuta kopo likapita katikati ya duara, taratibu, kama kitu kinachomezwa.

Na halikuzimika.

Lilishuka likiwaka. Nuru ikawa nyeupe chini ya maji, ikawa ya kijani, duara lake likapanuka na kufifia, na dagaa wakashuka nalo. Wote. Niliwaona wakigeuka kichwa chini, wakilizunguka, safu juu ya safu, wakiifuata ile taa kwenda chini kama wanasindikiza. Ikawa doa la kijani. Ikawa kitu ambacho huna hakika kama unakiona au unakikumbuka. Kisha maji yakawa meusi, na juu yake likabaki duara la ndala, limeshikwa na nanga, linazunguka polepole likiwa tupu.

Mtumbwi mzima ulikuwa kimya. Mimi nilikuwa nimeinuka nusu, nadhani nilitaka kujitupa, maana nakumbuka mkono wa Mjomba umenishika mkanda wa suruali. Baada ya muda akasema, kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa, "Haijaingia maji."

Tukarudi kwenye karabai. Usiku ule ulikuwa wa kawaida.

Betri niliilipa kwa wiki mbili za kuanika na kuanua dagaa wa mke wa yule jirani. Mjomba aliendelea na karabai, mpaka taa za sola zilipofika mwaloni kwetu na yeye akanunua zake. Hizo zipo, zinafanya kazi, nami ninazipenda. Hazikutokana na taa yangu.

Lakini siku ile iliyofuata ndiyo ninayoirudia sana. Nilikuwa mchangani nimeinama juu ya dagaa, jua kali, na kichwani nilikuwa nafanya hesabu. Mistari kumi na miwili kwa miliampea 20 ni miliampea 240. Betri imeandikwa ampea-saa 7. Ingekuwa mpya ingewaka saa 29. Kwa uchakavu wake, tuseme nusu. Kwa hiyo asubuhi ile, wakati nageuza dagaa, taa ilikuwa bado inawaka kule chini, pima 8, mahali ambapo hakuna mtu, inawaangazia samaki.

Miaka mingi baadaye ndipo nilipoifanya hesabu ya pili. Kila mita 10 za maji zinaongeza mgandamizo sawa na wa hewa yote iliyo juu yetu. Pima 8 ni zaidi ya mita 14. Kopo la pipi halikutengenezwa kwa ajili hiyo. Pipa nililolikalia lilikuwa na kina cha magoti. Huenda lilibonyea na mfuniko ukapasuka kabla halijagusa tope. Ila hata hapo, maji ya ziwa, yasiyo na chumvi, hayapitishi umeme vizuri, na betri ilikuwa imejaa. Hesabu ya kwanza na ya pili zote ni sahihi, na sijaweza kuzipatanisha.

Nilimsimulia binti yote haya pale juu ya jiwe. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo ilizimika?"

"Sikuiona ikizimika."

Akafikiri. "Na Babu alipoliangalia lile fundo, alijua?"

Sijawahi kumuuliza. Mjomba amefunga mafundo maisha yake yote. Najua anavyoangalia fundo zuri: haliangalii, anapita. Lile alisimama nalo. Labda alikuwa anajifunza kitu kipya kwa mtoto. Labda aliona, akaacha. Miaka yote hii nimelikwepa swali hilo, na sasa limeulizwa na mtu wa miaka tisa.

Jumamosi tunakwenda Igombe. Duara la ndala bado limetundikwa kwenye msumari nyuma ya nyumba yake, rangi zimepauka zote zimekuwa moja. Binti anataka kulishika. Amesema atamuuliza Babu mwenyewe.